Kutaja Mabaka: Istilahi za Ruwaza za Mapande ya Hema ya Kijeshi ya Ujerumani kwa Kuzingatia Mandhari ya Habaswein

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna Kiswahili kinavyoweza kutaja, kwa usahihi wa kutosha, ruwaza za mabaka zilizochapwa juu ya vitambaa vya hema vya askari wa Ujerumani katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia (1939–1945). Vitambaa hivyo havitumiki tena vitani. Vimekuwa vitu vya makumbusho na vya wakusanyaji; huuzwa kwa bei kubwa, na kwa sababu hiyo hughushiwa. Mtu anayetaka kutenganisha kilicho halisi na kilichoghushiwa hana budi kulinganisha kitambaa kilicho mbele yake na maelezo ya vitambaa vilivyokwisha kujulikana, na kazi hiyo ya kulinganisha hufanywa kwa maneno. Maneno yakiwa legelege, ulinganishi nao huwa legelege.

Mandhari iliyoteuliwa kupimia maneno hayo ni Habaswein, mji mdogo wa Kaunti ya Wajir katika Kenya ya Kaskazini-Mashariki, kwenye njia iendayo Wajir kutoka Isiolo kupitia Modogashe. Uteuzi huo si wa kubahatisha. Kwanza, jina lenyewe la mji ni maelezo ya ardhi: katika Kisomali habaas ni vumbi na weyn ni kubwa. Pili, mji upo karibu na kinamasi cha Lorian, ambako maji ya mto Ewaso Ng'iro wa Kaskazini hukomea. Tatu, wenyeji wake wengi ni wafugaji, watu ambao nyumba ya kubebwa na rangi ya ngozi ya mnyama ni mambo ya maisha ya kila siku. Nne, na pengine hili ndilo kubwa, huko neno mabaka likitajwa juu ya nguo halimkumbushi msikilizaji kitu cha makumbusho, bali humkumbusha askari.

Hoja ya makala ni moja: ruwaza za aina hii zitajwe kwa sifa zinazoonekana juu ya kitambaa, na si kwa kutafsiri majina ya miti na mimea ya Ulaya ambayo msomaji wa Kiswahili hajaiona.

2. Kitu chenyewe na jina lake

Kitambaa kinachojadiliwa huitwa kwa Kijerumani Zeltbahn. Neno hili limeundwa kwa maneno mawili: Zelt, yaani hema, na Bahn, ambalo maana yake iliyozoeleka ni njia, lakini katika ufundi wa nguo humaanisha upana mmoja wa kitambaa. Kwa hiyo Zeltbahn si hema, bali ni sehemu ya hema. Anayeitafsiri kwa neno hema peke yake anakosea tangu mwanzo.

Zeltbahn ya mwaka 1931, iliyokuwa mashuhuri kuliko nyingine, ina umbo la pembetatu. Mbavu zake mbili zina urefu wa takriban mita 2 kila mmoja, na kitako chake hukaribia mita 2 na nusu. Kingo zake zina safu za vifungo na matundu. Askari mmoja alibeba kimoja; askari wanne walipounganisha vyao walipata hema lenye umbo la piramidi. Kikiwa kimoja, kiliweza kuvaliwa kama vazi la kujikinga na mvua, kutandikwa chini, au kutumiwa kumbebea majeruhi.

Mtu wa Habaswein hapati taabu kuielewa dhana hii. Nyumba ya asili ya mfugaji wa Kisomali, iitwayo aqal, hujengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, na familia inapohama hufunguliwa vipande vipande ikapakiwa juu ya ngamia. Mkeka mmoja si nyumba, ingawa hakuna nyumba bila mikeka. Tofauti ni kwamba mikeka ya aqal hufungwa kwa kamba na ni mali ya nyumba moja, ilhali Zeltbahn hufungwa kwa vifungo na hugawanywa kwa askari mmoja mmoja.

Istilahi inayopendekezwa hapa ni pande la hema, wingi mapande ya hema. Huenda ikapingwa kwa sababu pande ni pia wingi wa upande. Hata hivyo upatanisho wa kisarufi huondoa utata: pande hili la hema ni kipande kikubwa, pande hizi za hema ni mielekeo yake. Ili kuepuka mgongano zaidi, sehemu mbili za kitambaa kimoja, yaani juu na chini, zitaitwa nyuso. Neno turubai halifai, kwa maana limekwisha kushikwa na kitambaa kizito cha kufunikia mizigo, na katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, linatumika kwa vifuniko vya plastiki vilivyotandazwa juu ya nyumba za fito.

3. Baka, doa, raka, mlia na mchirizi

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutajia ngozi na vitambaa visivyo na rangi moja. Upungufu umo katika kuyapanga. Maneno makuu ni haya:

(a) Doa ni alama ndogo yenye kukaribia mviringo. Uradidi wake, madoadoa, huonyesha kutawanyika.

(b) Baka ni alama kubwa kuliko doa, isiyo na umbo maalumu. Mabaka hutumika kwa ngozi iliyobadilika rangi, na katika siku hizi kwa sare za askari.

(c) Raka, jamaa wa kiraka, limo katika neno marakaraka, yaani rangi mbalimbali zilizopakana kama nguo iliyotiwa viraka. Tafsiri ya Kiswahili ya habari za kondoo na mbuzi wa Yakobo hutofautisha marakaraka na madoadoa. Mfugaji wa zamani alikuwa na sababu ya mali ya kutenga mnyama huyu na yule.

(d) Mlia ni mstari mpana unaorudiwa, kama wa punda milia.

(e) Mchirizi ni alama nyembamba iliyoachwa na kitu kinachotiririka.

Yafaa kuangalia kwamba ngeli na uradidi hufanya hapa kazi ya maana. Maneno ya ji-/ma- hutaja vitu vyenye upana. Maneno ya m-/mi- hutaja vitu vyenye urefu. Uradidi huongeza habari ya mtawanyiko. Kwa hiyo msemaji anaposema madoadoa badala ya milia, amekwisha kutoa maelezo mawili, la umbo na la mpangilio, kabla hajataja rangi yoyote.

Kadhalika Kiswahili kina desturi ya kukopa jina la ruwaza kutoka kwa mnyama. Mfano ulio maarufu ni kanga, vazi ambalo aghalabu husemwa kwamba lilipewa jina la ndege kanga kwa ajili ya madoadoa yake. Kisomali nacho kina wanyama wake wa kupimia: shabeel ni chui na geri ni twiga. Twiga wa nyika za Wajir na Garissa ana umuhimu wa pekee katika mjadala huu. Ngozi yake haina mabaka yenye kingo zilizochakaa kama ya twiga wa Kimasai. Ina mapande ya kahawia yenye kingo zilizonyooka, yaliyotenganishwa na mistari myembamba myeupe, mfano wa sakafu ya vigae.

4. Ruwaza na majina yake

4.1 Ruwaza ya Splitter

Wazo la kuvunja umbo la kitu kwa rangi lilikuwa limeenea majeshini tangu Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa liliunda kikosi cha wasanii wa kuficha silaha, akiwamo mchoraji Guirand de Scévola, na mwaka 1918 Wajerumani walianza kupaka kofia zao za chuma mapande ya rangi yaliyotengwa kwa mistari myeusi. Mwaka 1931 jeshi la Ujerumani likachapa ruwaza ya aina hiyo juu ya pande la hema. Ruwaza hiyo huitwa Heeres-Splittermuster 31.

Sifa zake ni nne. Kitako chake ni cha rangi hafifu iliyo baina ya kijivu na hudhurungi. Juu yake pana mapande ya kahawia na ya kijani yenye kingo kali, zilizonyooka, zenye pembe. Juu ya mapande hayo imechapwa michirizi mifupi ya kijani, kama manyunyu ya mvua. Tena nyuso zote mbili zimechapwa, mmoja ukiwa wa kiza zaidi na mwingine ukiwa wa mwanga zaidi.

Splitter kwa Kijerumani ni kibanzi au kigae kilichomeguka. Anayetafsiri kwa kibanzi humfanya msomaji atazamie alama nyembamba za urefu, na hivyo kumpoteza. Istilahi mabaka ya vigae inafaa zaidi, kwa kuwa inabeba pamoja upana na ukali wa kingo. Msomaji wa Habaswein anaweza kuithibitisha kwa kumkumbuka geri: atofautishe tu kwamba vigae vya twiga vimetengwa kwa mistari myeupe na vyote ni vya rangi moja, ilhali vya kitambaa hupakana na kupandana na vina rangi mbili. Michirizi ya juu iitwe manyunyu. Jeshi la anga la Ujerumani lilikuwa na ruwaza yake ya jamii hiyohiyo, ya mwaka 1941, ambayo vigae vyake ni vidogo zaidi na vimesongamana.

4.2 Ruwaza ya Sumpf

Kuanzia mwaka 1943 ilitokea ruwaza iitwayo Sumpfmuster. Sumpf ni kinamasi. Tafsiri sisisi, mabaka ya kinamasi, inaonekana kuwa nyepesi, na ndipo penye mtego. Kinamasi anachokijua mtu wa Habaswein ni Lorian. Katika majira ya mvua ni maji na majani mabichi. Ukame unapozidi ni udongo uliopasuka, na baadaye ni lile vumbi ambalo mji umepewa jina lake. Neno hilohilo moja humletea picha tatu zinazopingana, na hakuna hata moja inayomweleza kilichomo kitambaani.

Sifa inayotenga ruwaza hii na ile ya 1931 ni kingo. Rangi ni za ukoo mmoja na manyunyu yamo, lakini kingo za mabaka zimefifia na kuingiana, hasa katika namna zilizofuata mwaka 1944. Kwa hiyo istilahi inayopendekezwa ni mabaka ya ukungu. Ruwaza hii ilitumika zaidi katika mavazi kuliko katika mapande ya hema, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulikumbuka. Zaidi ya hayo, polisi wa mpakani wa Ujerumani ya Magharibi walitumia baada ya vita ruwaza ya ukoo huohuo. Kitambaa chao ni halisi kwa enzi yao, ila si cha vita.

4.3 Ruwaza za majani

Vikosi vya Waffen-SS vilikuwa na ruwaza zao, ambazo ubunifu wake hutajwa kwa jina la Profesa Johann Georg Otto Schick. Hizi hazina vigae wala manyunyu. Zina mabaka ya mviringo na madoa yaliyorundikana kama mwanga upitao kati ya majani, na nyuso mbili zisizofanana: mmoja wa kijani kwa majira ya joto, mwingine wa kahawia kwa majira ya kupukutika majani.

Majina yanayotumika leo, kama vile Platanenmuster, Palmenmuster na Eichenlaubmuster, kwa sehemu kubwa yalibuniwa na wakusanyaji baada ya vita. Basi mfasiri anayejitahidi kuyahifadhi hahifadhi istilahi ya askari wala ya kiwanda. Anahifadhi mfano uliomjia akilini mtu wa Ulaya au Marekani alipokitazama kitambaa. Mfano huo haufiki Afrika Mashariki. Mplatani hauna jina la Kiswahili lililozoeleka. Mwaloni, unaofasiri Eiche, wasomaji wengi wanaujua kwa kusoma maandiko na si kwa kuuona. Mti wa jamii ya mnazi, kwa msomaji wa Lamu, ni mnazi wenyewe. Kwa wa kandokando ya Ewaso Ng'iro ni mkoma, na majani ya miti hiyo miwili hayafanani.

Inapendekezwa ruwaza hizi ziitwe kwa jumla mabaka ya majani yenye nyuso mbili, kisha kila moja itengwe kwa sifa yake: yenye vishungi, kwa ile inayoitwa ya Palmen, yenye pete, kwa ile ambayo madoa yake yamezungukwa na duara la rangi nyingine. Ruwaza ya mwaka 1944 iitwayo Erbsenmuster, yaani ya njegere, ina vidoa vidogo vilivyotapakaa. Madoadoa ya njegere ni jina linalofaa bila kulazimisha, kwa kuwa njegere inajulikana. Lakini ilichapwa hasa kwa mavazi, na pande la hema lenye ruwaza hiyo lastahili kushukiwa.

4.4 Ruwaza ya Kiitalia

Ruwaza ya nne si ya Kijerumani kwa asili, lakini ndiyo yenye uhusiano wa karibu zaidi na eneo hili. Mwaka 1929, miaka miwili kabla ya Wajerumani, Italia ilitoa kitambaa cha hema chenye mabaka makubwa ya kijani, kahawia na manjano iliyofifia, yenye kingo za mawimbi. Huitwa telo mimetico. Baada ya Italia kusalimu amri mwezi Septemba 1943, Wajerumani walitwaa akiba za kitambaa hicho wakakishonea mavazi na mapande ya hema. Istilahi inayopendekezwa ni mabaka ya mawimbi.

Historia inasaidia hapa kuondoa kosa moja. Katika vita hivyo waliopigana kwenye mpaka wa Kenya ya kaskazini walikuwa majeshi ya Italia na majeshi ya himaya ya Uingereza. Waitalia waliichukua Moyale mwezi Julai 1940. El Wak ilishambuliwa na majeshi ya upande wa Uingereza tarehe 16 Desemba 1940. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari 1941. Hakukuwa na jeshi la Ujerumani lililopigana katika nyika hizi. Wala kitambaa chenye mabaka hakiwezi kuwa masalio ya vita vya Tanganyika vya 1914–1918, kwa kuwa mapande ya hema ya Kijerumani ya wakati huo yalikuwa ya rangi moja. Masimulizi yoyote ya muuzaji yanayodai hivyo yanajipinga yenyewe. Hata lugha inaelekea upande huohuo: neno la Kisomali la hema, teendho, linashabihiana na tenda la Kiitalia, si na Zelt.

5. Utaratibu wa kutambua

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, mtazamaji anaweza kufuata maswali matano kwa mpangilio huu:

(i) Umbo: je, pande ni la pembetatu, lenye vifungo na matundu kwenye kingo? Likiwa la mraba au la mstatili, huenda ni la nchi nyingine. Hungaria, kwa mfano, ilikuwa na ruwaza yake ya rangi tatu ya mwaka 1938.

(ii) Kingo za mabaka: je, ni kali, za ukungu, za mviringo au za mawimbi?

(iii) Tabaka la juu: je, manyunyu yamo? Kutokuwapo kwake huondoa jamii ya vigae.

(iv) Nyuso: je, umechapwa mmoja au zote mbili? Zikiwa mbili, je, zinatofautiana kwa kiza na mwanga tu, au kwa kijani na kahawia?

(v) Alama za kiwanda na mwaka. Hizi ziwekwe mwisho kwa makusudi. Muhuri ndio sehemu rahisi kughushi, na mtu anayeanza na muhuri huelekea kuona katika kitambaa kile ambacho muhuri umekwisha kumwambia.

Mpangilio huu unafanana na namna mfugaji anavyomtambua ngamia wake katika kundi la watu wengi. Chapa ya moto huthibitisha, lakini kabla ya chapa pana mwendo, umbo na rangi. Asiyemjua ngamia wake mpaka aione chapa, hamjui.

6. Uzito wa neno

Pana swali ambalo mwanaisimu hawezi kulikwepa: je, yafaa kuchukua neno mabaka, kwa hali lilivyo katika Kenya ya Kaskazini-Mashariki, na kulifanya istilahi ya makumbusho? Mkoa huo ulipita katika vita vya shifta vya 1963–1967 na ukakaa chini ya sheria za dharura hadi mwaka 1991. Mwezi Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na mji wa Wajir, wanaume waliokusanywa na vyombo vya usalama waliuawa. Jambo hilo limo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Kwa mtu aliyekulia humo, nguo ya mabaka ni kumbukumbu kabla ya kuwa ruwaza.

Pia pana upande wa sheria. Sheria za Kenya zinamkataza raia kuvaa sare ya majeshi bila idhini. Neno moja linapotumika kwa sare ya leo, kwa kitambaa cha miaka ya 1930, na kwa turubai la dukani lililochapwa kwa kuiga, mtu wa kawaida hana namna ya kueleza kwamba alicho nacho si kile anachoshukiwa kuwa nacho. Istilahi pana kupita kiasi haimdhuru mkusanyaji wa Ulaya. Humdhuru mchungaji aliyefunika mzigo wake kwa kitambaa chenye rangi tatu.

Kwa sababu hiyo makala haya hayapendekezi neno mabaka litumike peke yake. Litumike kama kichwa cha kikundi, likifuatwa daima na kijalizo kinachotaja sifa: ya vigae, ya ukungu, ya majani, ya mawimbi. Kijalizo hicho si pambo. Ndicho kinacholivua neno sare na kulirudishia maana yake ya asili, ya alama juu ya uso wa kitu.

7. Hitimisho

Yaweza kusemwa kwamba majina ya Kijerumani yangetosha, kwa kuwa wakusanyaji wa dunia nzima wanayatumia. Ni kweli kwamba katika orodha ya makumbusho jina hilo halina budi kuandikwa, ili kitambaa kiweze kulinganishwa na vingine kwingineko. Lakini jina la orodha haliwezi kuchukua nafasi ya maelezo. Mwanafunzi aliyekariri neno Splittermuster bila kujua kwamba maana yake ni kingo kali na manyunyu, atadanganywa na kitambaa cha kwanza atakachoonyeshwa.

Uundaji wa istilahi hufanywa mara nyingi kwa kutazama kamusi mbili zilizofunguliwa mezani. Ruwaza hizi zinadai kitu cha tatu, nacho ni kitambaa chenyewe, kitazamwe na mtu aliyezoea kutazama. Watu wa aina hiyo hawakosekani Habaswein, ambako mtoto hujifunza kutenga mnyama mmoja na mwingine kwa alama za ngozi kabla hajajifunza kusoma. Waunda istilahi wa Kiswahili watakapokaa nao, wawasikilize wanavyoeleza doa na baka, watapata maneno mengi kuliko yaliyotajwa hapa, na pengine watayasahihisha yaliyotajwa.